Bahasha za Lindi: Historia ya Posta ya Ndege Pwani ya Kusini

Shehena kubwa ya kwanza kutumwa Lindi kwa njia ya anga haikufika. Tarehe 21 Novemba 1917, chombo cha angani cha Kijerumani aina ya Zeppelin, L59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na watu 22 na mzigo wa tani zipatazo 15: risasi, bunduki za rasharasha, dawa na mahitaji mengine ya jeshi. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita 220, na kilielea kwa nguvu ya haidrojeni. Kilielekea nyanda za Makonde, nyuma ya Lindi, ambako kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa wamebanwa na Waingereza baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba. Hapakuwa na mpango wa kukirudisha. Kitambaa chake kingekatwa mahema na nguo, mifupa yake ingesimamishwa kuwa milingoti ya redio, na ngozi ya vijia vyake vya ndani ingeshonwa viatu.

Kilipokuwa kimefika usawa wa Khartoum, nahodha Ludwig Bockholt alipokea simu ya upepo ikimwamuru arudi, kwa kuwa adui alikwisha kushika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba chombo kilitua tena Jamboli, baada ya saa 95 hewani na mwendo wa kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na kuingia katika himaya ya Wareno.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kioja cha vita. Kwa mtu anayekusanya barua za ndege ni utangulizi wa historia ndefu, kwa sababu kinaonyesha shida ambayo pwani ya kusini iliishi nayo karibu karne nzima. Ukivuka Rufiji, njia ya nchi kavu haikuwa ya kutegemewa. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha sana, kusini ilikatika, na aliyetaka kufika haraka alitazama bahari au anga. Ndege zilifika Lindi kwa ratiba miaka zaidi ya 60 kabla ya daraja, na ushahidi wa safari hizo umehifadhiwa zaidi katika bahasha za barua.

Posta kabla ya ndege

Wajerumani walifungua ofisi zao za kwanza za posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi Oktoba 1890. Kilwa na Lindi zilifuata, kila moja na muhuri wake wa mviringo wenye jina na tarehe. Kilwa ya mihuri hiyo ni Kilwa Kivinje, makao ya wilaya wakati huo. Kilwa Kisiwani palikuwa magofu, na Kilwa Masoko hapakuwa bado mji wa serikali. Stempu za kwanza zilikuwa za Ujerumani zilizopigwa chapa ya bei kwa pesa. Baadaye zikaja zenye picha ya meli ya Kaizari, na mwaka 1905 hesabu ikabadilika kuwa heller 100 kwa rupia moja.

Barua za Ulaya zilikwenda kwa meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie. Za bara zilibebwa na matarishi waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma. Huko ndiko mkusanyaji anakojifunza somo lake la mwanzo: tarehe iliyo kwenye muhuri ina uzito kuliko picha iliyo kwenye stempu. Stempu ya heller saba na nusu ni kitu cha kawaida. Stempu hiyohiyo ikiwa juu ya bahasha yenye muhuri wa Kilwa wa Agosti 1905 ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezuka mwishoni mwa Julai huko Nandete, katika vilima vya Matumbi, na barua hiyo ilitoka katika wilaya iliyokuwa inawaka moto.

Ndege juu ya Rufiji

Ndege zilikuja na vita. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya mikono ya delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, na Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini kwa sababu ya mikoko. Walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, kutoka Durban pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, wakamweka kwenye kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Aliiona manowari ilipojificha. Desemba injini ilimharibikia, akashuka deltani na kutekwa.

Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia ili wapate kituo cha karibu. Ndege nyingine zililetwa, na hatimaye kiwanja kikafyekwa kisiwani. Hewa ya joto na unyevu iliwatesa sana mafundi: gundi ilibanduka, mbao zikapinda, injini zikakosa nguvu za kuinua ndege na mzigo wake. Hata hivyo, tarehe 11 Julai 1915, John Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya delta wakielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey. Ndege yao ilipigwa ikaanguka mtoni, wote wawili wakaokolewa, na Königsberg ikaharibiwa siku hiyo.

Mafia iliacha pia alama katika historia ya posta. Stempu za Kijerumani zilizokutwa kisiwani zilipigwa chapa ya maneno G.R. MAFIA, yaani za Mfalme George, na kutumika huko. Ni miongoni mwa stempu za Afrika Mashariki zinazotafutwa zaidi na zinazoghushiwa zaidi. Anayeuziwa moja kwa bei ya karanga ajue anauziwa karatasi.

Septemba 1916 Waingereza walishika Kilwa, kisha Lindi. Barua za askari zikaanza kubeba stempu za India zenye chapa I.E.F., na mwaka 1917 zikatokea za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa chapa G.E.A. Mwaka 1922 Tanganyika ikapata stempu zake zenye kichwa cha twiga. Utawala ulikuwa umebadilika, lakini mwendo wa barua ulikuwa bado mwendo wa meli.

Kutoka Croydon hadi Mwanza

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilituma ndege ya kwanza ya posta kutoka Croydon, London, kuja Tanganyika. Barua zilipokezana vyombo njiani, nchi kavu na majini, zikafuata mto Nile hadi Ziwa Viktoria na kufika Mwanza tarehe 10 Machi. Januari 1932 njia hiyo ilirefushwa mpaka Cape Town, ikipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya.

Ukitazama ramani utaona nani aliachwa: pwani yote. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mwanamama aliyetoa mtaji wake mwenyewe akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Ndege zake ndogo ziliunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, zikipokea na kukabidhi mifuko ya posta ya Imperial. Mtu wa Lindi aliyetaka barua yake iruke ilimlazimu kwanza aifikishe Dar es Salaam kwa meli ya pwani au kwa barabara wakati wa kiangazi. Bahasha za miaka hiyo zina stempu za Tanganyika zenye sura ya Mfalme George wa Tano, muhuri wa Lindi mbele, na mara nyingine muhuri wa Dar es Salaam nyuma. Ukilinganisha tarehe hizo mbili utajua barua ilisubiri siku ngapi kabla ya kuonja hewa.

Lindi yaingia katika njia kuu

Mambo yaligeuka mwaka 1937. Imperial Airways ilikuwa imeagiza kutoka kiwanda cha Short Brothers ndege 28 za majini, kubwa na za kisasa, zenye injini nne na mwendo wa kilomita zipatazo 265 kwa saa. Majina yao yote yalianza kwa herufi C: Canopus, Centurion, Corsair, Challenger na nyinginezo. Abiria walikaa chini, na mifuko ya posta ikapangwa juu, nyuma ya marubani. Ndege ya majini haikuhitaji kiwanja cha lami. Ilihitaji maji tulivu, boya la kuifunga na boti ya kushusha watu na mifuko. Kwa hesabu hiyo bandari za Waswahili, ambazo jahazi zilikuwa zimezichagua karne nyingi kabla, zilikuwa tayari viwanja vya ndege.

Juni 1937 safari za moja kwa moja kutoka Southampton hadi Durban zilianza. Baada ya Kisumu ndege ziliteremka Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, halafu Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na mwisho Durban. Lindi ilichaguliwa kwa ajili ya ghuba yake, pale mto Lukuledi unapoingia baharini, mji ukiwa upande mmoja na Kitunda upande wa pili. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 360 kwa mstari ulionyooka, mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa ndege hizo.

Kilwa iko katikati ya umbali huo, na haikupewa kituo. Mji ambao masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe na kushika biashara ya dhahabu ya Sofala sasa ulipitwa juu kwa juu. Mfanyabiashara wa Kivinje alipeleka barua yake Lindi au Dar es Salaam kama alivyofanya jana na juzi, ndipo ikapanda ndege. Kwa hiyo bahasha ya miaka ya 1937 hadi 1939 yenye muhuri wa Kilwa na dalili ya kusafiri kwa ndege ni ushahidi wa safari mbili: moja ya polepole na moja ya kasi.

Tarehe 29 Juni 1937 ndege Centurion iliondoka Southampton na mzigo wa kwanza wa mpango mpya wa posta ya himaya. Chini ya mpango huo barua za kawaida kati ya Uingereza na makoloni yake ya Afrika zilisafiri kwa ndege bila malipo ya ziada. Kutoka Uingereza ilikuwa peni moja na nusu kwa nusu aunsi. Badiliko hili ndilo linalowachanganya wakusanyaji wapya. Wao hutafuta kile kibandiko cha buluu cha posta ya ndege, na wasipokiona huitupa bahasha kando. Kumbe bahasha isiyo na kibandiko, iliyotoka Lindi kwenda London mwaka 1938, iliruka. Ndiyo iliyokuwa kawaida. Kibandiko kilihitajika kwa barua za kwenda nje ya himaya, ambazo mwandishi wake alilipia zaidi.

Na waandishi walikuwa wengi. Kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyozunguka Lindi, maduka ya Wahindi, maofisa wa serikali, wamisionari Waanglikana wa Masasi waliokuwapo tangu 1876, na Wabenediktini wa Ndanda waliofika 1906. Tangu Mei 1935 stempu zilikuwa za pamoja, zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika, hivyo stempu peke yake haisemi barua ilitoka nchi gani. Bila muhuri, Lindi na Entebbe hazitofautiki.

Barua zilizopata ajali

Wakusanyaji wana tawi lao maalumu la bahasha zilizonusurika ajali. Njia ya Lindi inazo. Tarehe 14 Machi 1939 ndege Corsair, ikitoka Durban kwenda Southampton, ilipotea baada ya kuondoka Port Bell, Uganda. Mafuta yalipokaribia kwisha, nahodha aliishusha kwenye mto mwembamba wa Dangu, karibu na Faradje katika Kongo ya Wabelgiji, ikapasuka tumbo kwenye mwamba. Hakufa mtu. Mifuko ya posta ilitolewa ikiwa imelowa na kusafirishwa kwa barabara. Ndege yenyewe ilibaki porini miezi kumi. Jaribio la kwanza la kuirusha lilishindwa, ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yaongezeke, na tarehe 6 Januari 1940 ikaruka.

Challenger haikubahatika hivyo. Tarehe 1 Mei 1939, kituo kimoja tu kusini ya Lindi, iliharibika ikitua katika bandari ya Msumbiji na watu wawili wakafa. Bahasha za ajali kama hizi hutambulika kwa wino uliotawanyika, stempu zilizobanduka kwa maji, na mara nyingine maelezo ya posta yanayoomba radhi kwa kuchelewa. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni takataka. Mkusanyaji atauza shati lake ili azipate.

Njia ya kiatu cha farasi

Vita vilipoanza Septemba 1939 mpango wa bei rahisi ulisitishwa. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Bahari ya Kati ilifungwa, na ndege zilizokuwa kusini zikakatwa na Uingereza. Shirika jipya, BOAC, lililoirithi Imperial Airways mwaka huohuo, lilipanga njia iliyopinda kama kiatu cha farasi: kutoka Durban kupanda pwani ya Afrika Mashariki hadi Cairo, kisha Iraki, India, Singapore na kuishia Sydney. Safari zilianza tarehe 19 Juni 1940. Barua za Uingereza zilikuja Durban kwa meli, zikapanda ndege na kupita Lindi zikielekea Misri na Mashariki.

Kwa miaka hiyo mji mdogo wa mkonge na ufuta ulikuwa kituo katika njia iliyounganisha mabara matatu. Singapore ilipoanguka Februari 1942 mkono wa mashariki ulikatwa na ndege zikaishia India, lakini Lindi ilibaki. Bahasha za wakati huo zimefunguliwa na wakaguzi wa vita na kufungwa tena kwa ukanda wa karatasi wenye maandishi. Zinaonyesha pia nani alikuwa na haja ya kuandika: mama aliyeko Uingereza, askari aliyeko Misri, mfanyabiashara aliyeko Bombay. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Wakati wa vita nusu hiyo ilisomwa kwanza na mtu wa tatu.

Kufikia mwaka 1947 ndege za majini zilikuwa zimeondolewa katika njia hiyo. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya nchi kavu kila mahali, na ndege za magurudumu zilikuwa na gharama nafuu. Ghuba ya Lindi ikarudi kuwa ya mashua na ngalawa.

Dakota, karanga na stempu za 1967

East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 ikiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide. Kusini ilipata umuhimu wa ghafla mwaka uliofuata, serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga. Nachingwea ikafyekwa kwa mashamba, bandari ya Mtwara ikajengwa, na wataalamu na mafundi wakamiminika. Mradi ulivunjika mwaka 1951, lakini barua zenye muhuri wa Nachingwea zimebaki na leo zina wapenzi wake. Baadaye ndege za Dakota zilikuwa zikiruka kwa ratiba kwenda Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara na Nachingwea. Kilwa, iliyokosa ndege za majini, hatimaye ilipata posta yake ya anga.

Januari 1967 nchi tatu za Afrika Mashariki zilitoa stempu nne za kuadhimisha miaka 21 ya shirika hilo, zikionyesha ndege zake kuanzia Dragon Rapide hadi Super VC10. Miaka kumi baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likafa, na posta ya pamoja ikagawanywa.

Ushahidi uko wapi?

Bahasha nyingi nilizozitaja haziko Lindi wala Kilwa. Ziko kwenye albamu na minada ya Uingereza, Ujerumani na Afrika Kusini, kwa sababu zilitumwa huko na waliozipokea wakazitunza. Uingereza kuna hata chama cha wakusanyaji wanaoshughulikia Afrika Mashariki tu, East Africa Study Circle. Wamefanya kazi kubwa ya kupanga mihuri na ratiba. Lakini barua zina pande mbili. Zilizotoka Lindi ziko ughaibuni. Zilizokuja Lindi, Kilwa, Masasi na Ndanda zilipokelewa hapahapa, na baadhi yake bila shaka bado zimo ndani ya masanduku ya wazee, makabati ya misheni na mafaili ya maduka ya zamani. Adui zao ni mchwa, unyevu wa pwani na vimbunga kama kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Adui mkubwa kuliko hao ni mkasi.

Watoto wa shule walifundishwa kukusanya stempu kwa kuikata kona ya bahasha na kuiloweka majini. Kwa stempu za kawaida za pamoja za miaka ya 1930 na 1940, kufanya hivyo ni kutupa nyama na kubaki na mfupa, maana zilichapwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Kilicho adimu ni bahasha nzima: muhuri wa Lindi wenye tarehe, muhuri wa kupokelea nyuma, ukanda wa mkaguzi, kiasi kilicholipwa, jina la mji ilikokwenda. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyosema barua ilipita njia gani na kwa siku ngapi.

Basi ukikuta bahasha kuukuu nyumbani, usikate, usiloweke, usibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki. Iweke bapa kwenye karatasi safi, mahali pakavu pasipo na jua. Andika kando, kwa penseli na kwenye karatasi nyingine, ilikuwa ya nani na ilitoka kwa nani, maana mwenye kujua hilo huenda ndiye mzee aliyebaki peke yake. Kabla ya kumuuzia mtu, ipige picha pande zote mbili.